Jiwe la Akina Howland

Juu ya kilima cha makaburi mjini Plymouth, jimbo la Massachusetts, wazawa wa mtu aitwaye John Howland walimsimamishia babu yao jiwe. Ilikuwa karne ya 19, na babu mwenyewe alikuwa amelala ardhini zaidi ya miaka 150. Walichonga jina lake, wakachonga kwamba alikuja na merikebu ya Mayflower, kisha wakaongeza sifa moja waliyoionea fahari: kwamba alimwoa binti wa Gavana Carver. Hakuna aliyeshangaa. Kila Howland alikuwa ameyasikia hayo kwa baba yake, naye baba kwa babu. John Carver alikuwa gavana wa kwanza wa koloni la Plymouth, na kutokana na damu yake halikuwa jambo dogo.

Ila Carver alikufa bila kuacha mtoto. Jiwe lilisema uongo, na waliolichonga hawakujua.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasaba nayo ni mali. Hii ni habari ya ukoo mmoja wa Waingereza waliohamia Amerika, na ya daftari lililopotea, likaonekana, likamrudishia bibi wa ukoo huo baba yake wa kweli. Ni habari pia ya mtoto mmoja ambaye madaftari ya watu wale yalimtaja bila kuliandika jina lake.

Massachusetts si ngeni kwetu. Viwanda vya huko vilifuma merekani, kitambaa ambacho merikebu za mji wa Salem zilikileta Unguja na misafara ikakifikisha hadi Ujiji. Lakini merekani ilikuja baadaye sana. Mwaka 1620 mahali palipo Plymouth leo palikuwa kijiji cha Wawampanoag kiitwacho Patuxet, na kijiji hicho kilikuwa kimya. Kati ya mwaka 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na wageni wa Ulaya yalikuwa yameufagia ukanda ule wa pwani. Mashamba yalikuwepo, yamesafishwa tayari kwa jembe, na wenyewe hawapo.

John Howland alitoka Fenstanton, kijiji cha mashariki mwa Uingereza. Alipanda Mayflower akiwa mtumishi wa Carver, yaani kijana aliyefungwa na mkataba wa miaka kadhaa, ambaye bwana wake humlisha na kumvisha, naye humtumikia. Wenye safari yao walikuwa Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza. Walikuwa wamekimbilia Uholanzi, wakaishi mji wa Leiden zaidi ya miaka 10, wakaona kazi ni nzito, ujira ni mdogo na watoto wao wanageuka kuwa Waholanzi. Ndipo walipoingia deni kwa wafanyabiashara wa London wapate kwenda kuanza maisha ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Miongoni mwao alikuwemo John Tilley na mkewe Joan, na binti yao Elizabeth, mwenye miaka 13. Walikuwemo pia Edward Tilley, ndugu yake John, na mkewe.

Walianza safari kwa vyombo viwili. Kimoja, Speedwell, kikavuja. Wakarudi bandarini, wakakiziba, wakatoka tena, kikavuja tena. Mwishowe kikaachwa, na tarehe 6 Septemba 1620, kwa kalenda yao iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 10, Mayflower iling'oa nanga peke yake ikiwa na abiria 102. Ilikuwa imekwisha kuingia majira ya dhoruba.

Katikati ya bahari, siku ambayo upepo ulikuwa mkali hata nahodha akateremsha matanga yote na kuiacha merikebu ichukuliwe na mawimbi, Howland alipanda juu kwenye sitaha. Labda alichoshwa na hewa ya ndani, walimobanana watu, matapishi na mizigo. Merikebu ikalala upande, akatupwa baharini. Kilichomwokoa ni henza, ile kamba ya kupandishia tanga, iliyokuwa imefunguka na kuburuta majini. Aliishika. Alizama pima kadhaa chini ya maji, lakini hakuiachia. Walio juu wakaivuta kamba ile ile hadi kichwa chake kikatokeza, wakamkamata kwa mti wenye ngoe na kumpandisha. Aliugua kidogo, akapona.

Tunayajua hayo kwa sababu abiria mwenzake, William Bradford, aliyaandika. Bradford, ambaye baadaye alikuwa gavana kwa miaka mingi, alianza kuandika historia ya koloni lao mwaka 1630 na kuiendeleza kwa takriban miaka 20. Mwishoni alitia orodha ya abiria wa Mayflower, nyumba kwa nyumba, akieleza nani alikufa, nani alioa nani, na nani alizaa wangapi. Muswada huo tuuweke akilini. Tutaukuta mbele ya safari, mahali ambapo hakuna aliyeutarajia.

Tarehe 11 Novemba walitia nanga ndani ya rasi ya Cape Cod. Siku hiyo wanaume 41 walitia sahihi mapatano ya kujitawala, na Howland, mtumishi, alikuwa mmoja wao. Mwezi uliofuata aliingia kwenye mashua pamoja na Carver, Bradford na wengine kutafuta mahali pa kukaa. Ndani ya mashua hiyo walikuwemo John Tilley na Edward Tilley. Baridi ilikuwa kali hata maji ya bahari yaliyowarukia yaliganda juu ya nguo, zikawa kama deraya za chuma, na Edward Tilley alikaribia kuzirai. Kwa hiyo Howland na mtu ambaye angekuwa baba mkwe wake walikaa mashua moja, wote wawili wakitetemeka. Walikuwa wamebakiwa na muda mfupi tu wa kujuana.

Kipupwe kile kiliua karibu nusu ya abiria. Alikufa John Tilley, akafa Joan, akafa Edward, akafa mkewe. Elizabeth akabaki yatima katika nchi asiyokuwa na ndugu mkubwa wa kumshika mkono. Inaelekea alichukuliwa katika nyumba ya Carver, ile ile aliyokuwamo Howland. Lakini mwezi Aprili 1621 Carver alitoka shambani siku ya jua kali akilalamika kichwa, akalala, akafa baada ya siku chache. Mkewe alimfuata wiki 5 au 6 baadaye. Mtumishi hana bwana tena. Yatima hana mlezi tena.

Miaka michache baadaye John na Elizabeth walioana. Mwaka kamili hauonekani kwenye karatasi yoyote, ila mwaka 1627 tayari walikuwa na watoto wawili. Mtoto wa kwanza, msichana, walimwita Desire. Katika nyumba ya Carver alikuwemo msichana aitwaye Desire Minter, ambaye baadaye alirudi Uingereza na kufia huko. Jina hilo si la kawaida, kwa hiyo wengi wanaoichunguza nasaba hii wanaamini kwamba Elizabeth alimpa mwanawe jina la mwenzake wa siku zile za ukiwa.

Karatasi ya mwaka 1627 inayotuambia hivyo ni ya mgawanyo wa ng'ombe. Koloni lilikuwa na wakazi 156, na mifugo michache iliyokuwa mali ya wote. Watu waligawanywa mafungu 12 ya watu 13 kila moja, wakapiga kura. Fungu la Howland lilipata mtamba mmoja aliyekuja na merikebu iitwayo Jacob, naye mtamba huyo alikuwa na jina: Raghorn. Watu 13 kwa ng'ombe mmoja! Waliogawana fungu hilo na akina Howland ni pamoja na akina Alden, John na Priscilla, ambao nao watazaa ukoo mkubwa. Karani aliyeandika hakujua kwamba anaandika nasaba. Yeye aligawa ng'ombe. Lakini kwa kuwa kila mdomo ulihesabiwa, aliwataja hata watoto wachanga, na leo karatasi yake ndiyo inayotuonyesha kwamba siku hiyo Desire na mdogo wake John walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Mwaka huo huo wakubwa wachache wa koloni walilibeba deni la wafanyabiashara wa London, pauni 1,800, wakapewa kwa malipo haki ya kufanya biashara ya manyoya peke yao. Howland alikuwa mmoja wao. Aliyekuja kuvuliwa baharini kama samaki sasa alikuwa mdhamini wa deni la watu wote. Manyoya yenyewe yalikuwa ya biva, mnyama wa mtoni ambaye Ulaya ilimtaka kwa kutengenezea kofia, na wauzaji walikuwa wenyeji wa mito ya kaskazini. Mwaka 1634 Howland alikuwa mkuu wa kituo cha biashara kwenye mto Kennebec, uliopo leo jimbo la Maine, alipofika Mwingereza wa koloni jingine, John Hocking, akitaka kupita awawahi wauzaji huko juu. Howland aliwatuma vijana wakakate kamba za nanga za Hocking. Hocking akaelekeza bunduki. Howland akampigia kelele kwamba kama ni kupiga ampige yeye aliyetoa amri. Hocking hakusikia, akamuua Moses Talbot, na rafiki wa Talbot akamuua Hocking hapo hapo. Kesi ilizua mtafaruku hadi Boston, na John Alden, ambaye hakufyatua risasi yoyote, ndiye aliyewekwa ndani.

Waliendelea kuzaa. Desire, John, Hope (yaani Tumaini), Elizabeth, Lydia, Hannah, Joseph, Jabez, Ruth, Isaac. Watoto 10, na wote 10 walikua, wakaoa na kuolewa. Katika karne ambayo mzazi alizoea kuzika, hilo ni jambo la ajabu, nalo ndilo siri ya ukubwa wa ukoo huu. Wajukuu walipita 80. Baada yao vitukuu, vilembwe na vinying'inya hawakuhesabika. Marais Franklin Roosevelt na George Bush, baba na mwana, wametoka kwenye mti huo, na mwigizaji Humphrey Bogart pia. Ile henza ya Mayflower ilikuwa imewashika hao wote.

Ndugu wawili wa John Howland, Arthur na Henry, walimfuata Amerika, wakaelemea dhehebu la Marafiki, ambalo serikali ya Plymouth ililichukia. Hapo ndipo historia ilipofanya kejeli yake. Mtoto wa Arthur, naye akiitwa Arthur, alimpenda Elizabeth Prence. Baba wa msichana huyo alikuwa Thomas Prence, gavana aliyewaandama Marafiki kuliko wote. Mwaka 1660 mahakama ilimtoza kijana faini ya pauni 5 kwa kosa la kumposa binti bila ridhaa ya mzazi wake. Kijana akalipa, na hakukoma. Mwaka 1667 akaitwa tena, akawekeshwa dhamana ya pauni 50 kwamba ataacha kabisa. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameoana. Kwa hiyo binti wa gavana aliingia kweli katika ukoo wa Howland. Ila aliingilia mlango wa pili, kwa vurugu, na wala si yule aliyeandikwa kwenye jiwe.

John Howland alifariki tarehe 23 Februari, akiwa amepita miaka 80. Mwaka gani? Hapo wengi wanaofuatilia nasaba za Waingereza wa zamani hujikwaa. Hadi mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi. Kwao Februari hiyo ilikuwa bado 1672. Kwetu ni 1673. Ndiyo maana tarehe za namna hiyo huandikwa 1672/3, na asiyejua atampata mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake, au mtu aliyeandika wasia akiwa maiti. Maneno ya ujamaa nayo hutega. Mwingereza wa karne ya 17 aliweza kumwita mkwe wake “mwanangu” bila kueleza zaidi, na neno ambalo leo kwao maana yake ni mama mkwe lilitumika pia kwa mama wa kambo. Mswahili, ambaye ana mama mkubwa na mama mdogo na bado wote ni mama, hawezi kuwacheka.

Elizabeth aliishi miaka mingine karibu 15. Alihamia mji wa Swansea, kwa binti yake Lydia, mke wa James Brown, na huko akaandika wasia wake Desemba 1686. Wasia huo ni ufunguo wa nyumba yake; ukiusoma, unaingia na kukuta vyombo mahali pake. Mtoto wa kwanza wa kiume, John, alipewa pauni 5, kitabu, shuka, foronya na mablanketi. Joseph alipewa mizani na shuka. Jabez, godoro la manyoya lililokuwa tayari kwake, na chungu kikubwa cha chuma pamoja na kulabu zake za kutundikia. Isaac, kitabu, shuka, foronya na sufuria kubwa ya shaba. Elizabeth, shuka na kasha. Hannah, shuka na foronya. Lydia, aliyemtunza, alipata godoro bora, mito, mablanketi, kabati dogo, sufuria ndogo, Biblia ndogo, kitabu cha mchungaji wao wa Leiden John Robinson, na shuka nzuri kuliko zote. Yule yatima aliyeshuka merikebuni bila kitu aliwagawia wanawe wengi shuka, jozi jozi, kila mmoja akitajwa kwa jina. Aliwausia waishi kwa upendo na amani, akafariki Desemba 1687.

Mwandishi wa nasaba huupenda wasia kama huo kuliko kitu chochote. Binti walioolewa wanatajwa kwa majina ya waume zao, na kwa hiyo kila tawi linajifunga kwenye shina kwa fundo lisilofunguka.

Lakini muswada wa Bradford haukutulia mahali pamoja. Ulirithiwa katika ukoo wake hadi mwaka 1728, mchungaji Thomas Prince wa Boston alipoupata kwa watu wa nyumba ya Bradford na kuuweka katika maktaba yake, ndani ya mnara wa kanisa la Old South. Vita vya uhuru vilipoanza na Boston kukaliwa na askari wa Uingereza, kanisa hilo liligeuzwa uwanja wa kufundishia farasi. Vita vilipokwisha, muswada haukuwepo. Kwa muda wa miaka 80 hivi watu wa Massachusetts waliamini kuwa historia ya babu zao imekwenda na moto au imefungiwa samaki sokoni.

Ni katika kipindi hicho ambapo akina Howland walichonga jiwe lao. Hawakuwa na daftari. Walikuwa na masimulizi, na masimulizi yana tabia ya kupanda ngazi. Mtumishi wa gavana na yatima waliokaa nyumba ya gavana waligeuka, mdomo kwa mdomo, kuwa mkwe na binti.

Kisha mwaka 1855 msomaji mmoja Marekani aligundua jambo la ajabu. Askofu Samuel Wilberforce wa Uingereza, katika kitabu chake kuhusu kanisa la Amerika kilichotoka mwaka 1844, alikuwa amenukuu muswada uliopo Fulham, London, katika maktaba ya askofu wa jiji hilo. Maneno yale yalikuwa ya Bradford! Barua ikaandikwa, jibu likaja: ndiyo, upo. Mwaka 1856 ulichapishwa kwa mara ya kwanza huko Boston, na mwaka 1897, baada ya mashauri mengi, muswada wenyewe ulirudishwa Massachusetts.

Wazawa wa Howland walikimbilia ukurasa wa mwisho, kwenye orodha. Bradford, aliyewajua wote wawili na kuishi nao mji mmoja, alikuwa ameandika wazi kwamba Howland alimwoa binti wa John Tilley, Elizabeth, kwamba wote wawili wangali hai, na kwamba wana watoto 10 wote hai. Gavana alikuwa ameondolewa kwenye nasaba kwa mstari mmoja wa wino. Kabla karne haijaisha jiwe jipya lilikuwa juu ya kilima, na juu yake jina la Tilley.

Makosa hayakuishia hapo. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba mama yake Elizabeth alikuwa Mholanzi, Bridget van der Velde, kwa kuwa kumbukumbu za Leiden zilionyesha John Tilley mmoja aliyeoa mwanamke wa jina hilo. Majina yalifanana, watu wakafunga hesabu. Hadi miaka ya 1970 ndipo mtafiti alipofungua daftari la parokia ya Henlow, kijiji cha Bedfordshire. Tangu mwaka 1538 kila parokia ya Uingereza ilikuwa imeamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na katika daftari la Henlow jamaa wote wa Tilley walikuwemo: ndoa ya John Tilley na mjane Joan Hurst mwaka 1596, na ubatizo wa binti yao Elizabeth tarehe 30 Agosti 1607. Mholanzi naye akatoka.

Nasaba hii ingeweza kukomea hapo, imesafishwa. Jumuiya ya wazawa wa Howland, iliyoundwa mwaka 1897, ilinunua mwaka 1912 nyumba ya mbao ya Jabez mjini Plymouth, iliyojengwa yapata mwaka 1667, na hadi leo imesimama. Jabez aliiuza mwaka 1680 na kuhama. Ukiwauliza wengi kwa nini alihama, watakuambia alikwenda kuanzisha maisha katika mji mpya wa Bristol. Ni kweli. Ila Bristol ilijengwa juu ya ardhi ya Mount Hope, na Mount Hope yalikuwa makao ya Metacom, mfalme wa Wawampanoag.

Baba yake Metacom, Ousamequin, ndiye aliyefanya mkataba wa amani na Plymouth Machi 1621, siku Elizabeth alipokuwa yatima mpya na walio hai walikuwa wachache kiasi kwamba wangeweza kumalizwa asubuhi moja. Mkataba ulidumu maisha yake yote. Alipokufa, ardhi iliendelea kwenda, hati baada ya hati, na Juni 1675 vita vikazuka Swansea. Kabla havijazuka, James Brown, mume wa Lydia, alipeleka barua ya gavana kwa Metacom. Vijana wa Metacom walitaka kumuua. Metacom akawazuia, akisema baba yake alimwusia awatendee wema watu wa nyumba ya Brown. Yule aliyeachwa hai siku hiyo ndiye ambaye Elizabeth alifia nyumbani kwake, na mkewe ndiye aliyepata shuka nzuri kuliko zote.

Vita viliwagusa akina Howland. Mume wa Desire, nahodha John Gorham, alifia vitani kwa homa. Jabez alikuwa ofisa chini ya Benjamin Church, ambaye kikosi chake kilimuua Metacom Agosti 1676. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, mke wa Metacom na mwanawe, mtoto wa miaka 9 hivi, walikuwa wametekwa. Plymouth ikauliza wachungaji: mtoto wa adui na auawe? Wawili walisema ndiyo, wakitaja Maandiko; mwingine, James Keith, alisihi aachwe hai. Machi 1677 barua ya mchungaji wa Plymouth ilitaja kwa mstari mmoja kwamba mtoto wa mfalme anakwenda kuuzwa. Akapakiwa merikebuni utumwani, na hapo karatasi inanyamaza.

Karani wa Plymouth aliandika jina la mtamba mwaka 1627. Jina la mtoto huyo hakuna aliyeliandika, ingawa baba yake na babu yake walijulikana na kila mtu katika koloni. Wawampanoag hawakwisha; wapo leo Mashpee na Aquinnah, na serikali ya Marekani inawatambua. Lakini tawi la mwana wa Metacom lilikatwa pale bandarini, na kama lilichipuka mahali, hakuna daftari la kulifuata.

Atakayepanda kilima cha Plymouth leo atasoma jiwe lililosahihishwa, na ana haki ya kufurahi, kwani kuijua kweli ya bibi yako ni heri kuliko fahari ya gavana asiye wako. Ila akiendelea kufunua madaftari yale yale yaliyompa Elizabeth Tilley, atafika Swansea, mlangoni kwa James Brown, na kukuta kwamba ukoo wake uliachiwa mtu mmoja kwa neno la Ousamequin. Neno hilo mjukuu wake hakulipwa.